Ainea Alitandika Kitanda Chake: Neno kwa Wazazi juu ya Chumba cha Watoto

Maandiko ya kusoma: Matendo ya Mitume 9:32–35, 2 Wafalme 4:8–10, Marko 9:36–37, Yohana 14:2–3

  Leo tunasema juu ya watoto na mahali pao pa kulala.

Tunajua wengine watashangaa. Watasema: «Mchungaji, sisi tunangojea moto wa Roho Mtakatifu, na wewe unatuletea fagio?» Ndiyo, leo tunaleta fagio. Tulisali juu ya ujumbe huu, na kila tulipojaribu kuchukua andiko lingine, roho yetu ilirudi katika chumba cha watoto. Mtatuvumilia. Mwishoni mtaelewa kwa nini.

Tuanze na Lida. Petro alikuwa anazunguka kutembelea watakatifu, akafika Lida, akamkuta mtu mmoja jina lake Ainea. Mtu huyu alikuwa amepooza, amelala kitandani miaka 8. Petro alimwambia kwamba Yesu Kristo anamponya, asimame. Na mara hiyo hiyo, kabla ya shangwe, kabla ya ushuhuda mbele ya kanisa, akamwambia neno la pili: atandike kitanda chake mwenyewe.

Wapendwa, tufikiri kidogo. Miaka 8 watu wengine walimtandikia. Wengine walimgeuza, wakafua matambara yake, wakamfukuzia inzi. Siku ya muujiza, kazi ya kwanza ambayo mikono iliyoponywa inapewa ni kazi ya chumbani. Luka anaandika kwamba watu wa Lida na Sharoni walimwona, wakamgeukia Bwana. Muujiza mkubwa, na ndani yake kitanda kilichotandikwa. Roho Mtakatifu hakuona aibu kuandikisha jambo hilo. Sisi tusione aibu kulihubiri.

Na tuangalie jambo lingine: Ainea ni mwanaume. Hakuambiwa amwite dada yake aje kumtandikia. Akina baba na vijana wanaume, tuwekeni neno hilo moyoni, tutarudi kwake.

SALONI NA CHUMBA KILE KINGINE

Sasa tuingie nyumbani kwetu. Sisi watumishi tunatembelea nyumba nyingi hapa Bukavu, za matofali na za mbao, Ibanda, Kadutu na Bagira. Tunapokelewa vizuri sana. Saloni imefagiwa, vitambaa vyeupe vya kufuma viko juu ya viti, maua ya plastiki yako mezani, kalenda ya kanisa iko ukutani. Mungu awabariki kwa heshima hiyo.

Lakini sisi pia tuna nyumba, tunajua jinsi saloni inavyosafishwa haraka. Mtu anasema: «Mchungaji anafika!» Basi nguo zilizokuwa kwenye kiti, beseni, viatu, makaye, mfuko wa makala, bidoni tupu, baiskeli iliyovunjika, vyote vinasukumwa nyuma ya pazia. Na nyuma ya pazia ni wapi? Ni chumba cha watoto. Katika nyumba nyingi chumba hicho ndicho depo ya familia. Unga wa fufu unalala mle. Makala yanalala mle. Kuku wakati wa mvua wanalala mle. Na watoto watano au sita wanatafuta nafasi katikati ya vitu, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule.

Tunaposoma Wafalme wa Pili sura ya 4, tunamwona mama wa Shunemu. Alimwona Elisha akipita mara kwa mara, akamwambia mume wake kwamba watengeneze chumba kidogo juu, waweke ndani kitanda, meza, kiti na taa. Vitu vinne tu. Si chumba cha tajiri. Lakini kila kitu ndani yake kiliwekwa kwa sababu ya mtu fulani: atalala wapi, atasoma wapi, atakaa wapi, ataona kwa mwanga gani. Na mama hakuamua peke yake. Alisema na mume wake, wakapatana.

Sisi tunahubiri andiko hili tukitaka watu wawapokee watumishi wa Mungu. Ni sawa. Lakini katika Marko sura ya 9 Bwana Yesu alimchukua mtoto mdogo, akamweka katikati ya wanafunzi, akafundisha kwamba mwenye kumpokea mtoto kama huyo kwa jina lake anampokea yeye mwenyewe, tena anampokea Yule aliyemtuma. Basi jibuni wenyewe, wapendwa. Nyumbani kwenu, chumba cha mgeni wa heshima ni kipi? Tunamtengenezea mchungaji saloni kwa dakika 40, na Yesu tunamlaza pamoja na makala.

UMASKINI SI FUJO

Mtu atatuambia: «Mchungaji, wewe hujui maisha yetu. Tuko kumi katika vyumba viwili. Maji tunayatafuta saa kumi za usiku. Matela ni moja.» Ndugu, dada, tunayajua. Wengi wamepokea watu wa jamaa waliokimbia vita. Hatuhubiri vitanda vya duka. Yule mtu katika Luka sura ya 11, aliyegongewa mlango usiku wa manane, alijibu kwamba watoto wake wako kitandani pamoja naye. Bwana Yesu alisimulia nyumba hiyo bila kuidharau. Kulala wengi mahali pamoja si dhambi.

Lakini umaskini ni kitu kimoja, na fujo ni kitu kingine. Mtu mwenye shati mbili anaweza kujua ziko wapi, na mwenye shati 20 anaweza kukosa ya kuvaa. Na fujo katika chumba cha watoto inatuletea mambo manne tunayoyajua vizuri.

La kwanza ni magonjwa. Mbu anayeleta malaria anauma usiku. Chandarua tulichopewa bure kwenye kampeni, wengine wamefunikia miche ya bustani, wengine wamepeleka ziwani kuvulia sambaza. Kingine kiko chumbani lakini kimefungwa fundo juu ya msumari hata usiku, kwa sababu chini yake vitu vimejaa, hakiwezi kushuka. Upele nao unapita kwa blanketi moja. Na mwaka 2024, mpox ilipoenea katika Kivu Kusini kuanzia Kamituga, hata Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari ya kimataifa tarehe 14 Agosti, waganga walitufundisha kwamba ugonjwa huo unapita kwa kugusana ngozi, na pia kwa nguo na matandiko ya mgonjwa.

La pili ni moto. Umeme ukikatika, mtoto anasoma kwa buji. Buji iko juu ya kartoni, kartoni iko karibu na chandarua, chandarua kiko karibu na nguo zilizolundikwa. Nyumba zetu za mbao zimebanana. Ninyi wenyewe mmeona avenyu nzima ikiteketea wakati wa kiangazi. Na mbabula yenye makala ya moto isiingizwe chumbani usiku kuwapasha watoto joto, hata mvua ikinyesha. Moshi wake mwingine hauonekani wala haunuki, unaua watu wakiwa usingizini.

La tatu ni masomo. Mtoto anaondoka asubuhi analia, amekosa soksi moja, kaye ya hesabu imeliwa na panya kwa sababu mkate uliachwa ndani ya mfuko. Mwalimu anamrudisha. Baba anasema mtoto ni mjinga. Mtoto si mjinga. Hana mahali pa kuweka kaye.

La nne ni ugomvi. Watoto wasio na mahali pao wanapigana juu ya kila kitu, kwa sababu hakuna ajuaye kilicho chake. Tena, wasichana na wavulana wakikua, tuwatenganishe, hata kama ni kwa kikwembe kilichofungwa kwenye kamba katikati ya chumba. Msichana apate pembe ya kubadilishia nguo bila kuonekana. Hiyo ni heshima ya mwili ambao Mungu aliuumba.

TULIPOKOSA SISI WENYEWE

Sasa tunataka kusema jambo ambalo hatukulisema hapa redioni mbele ya leo. Mama Mchungaji ametukubalia tulisema, na mtoto mwenyewe tulimuuliza, akakubali, bila kutaja jina lake.

Miaka michache iliyopita tulimpokea mtoto wa dada yake Mama Mchungaji. Alikuwa na miaka 9. Kijiji chao kilikuwa kimeshambuliwa usiku. Tulimweka pamoja na wavulana wetu watatu. Tulipenda utaratibu, tulikuwa tumefundisha juu yake kanisani. Kila mtoto alipewa kartoni yake ya nguo. Watoto wetu walitii kwa shida, lakini walitii. Huyu hakutii. Nguo zake zote alizifunga ndani ya mfuko, akauweka kichwani pake. Alilala na suruali na viatu. Na karibu kila usiku alikojoa kitandani, kisha aliificha shuka chini ya wengine, na chumba kikanuka.

Tulimwonya mara moja, mara mbili, mara tatu. Jumamosi moja tulingojea wageni, watumishi wenzetu kutoka Uvira. Tuliingia chumbani tukakuta mfuko ule mlangoni na matela imelowa. Tulikasirika. Tulichukua fimbo tukampiga. Kisha tulimwaga mfuko wake chini, mbele ya watoto wengine, tukimwambia aone aibu. Ndani mlikuwa na nguo, kikombe cha chuma, kikwembe cha mama yake, na mahindi makavu ndani ya kitambaa. Mtoto hakulia. Aliokota kimoja kimoja, akarudisha ndani ya mfuko, akafunga tena.

Wiki ile ile mtu mmoja wa maombi alituambia kwa sauti ndogo: «Mchungaji, mtoto huyu ana kitu. Mtoto anayekojoa hivi, hasemi, halali, mumfungie maombi ya siku tatu bila kula.» Na sisi, wapendwa, tunaungama mbele yenu: kwa usiku mmoja tulilifikiria neno hilo.

Mama Mchungaji ndiye aliyetuokoa. Usiku alikwenda akakaa karibu na mtoto gizani, akamuuliza pole pole kwa nini analala na viatu. Mtoto akasema: «Mama mdogo, siku ile tulipokimbia nilitafuta viatu vyangu gizani, sikuviona. Mama akaniambia niende na wengine, yeye arudi ndani kunitafutia.»

Tulijua yaliyofuata. Mama yake hakutoka tena ndani ya nyumba ile.

Mama Mchungaji alirudi chumbani kwetu, akatuambia. Hatukulala. Mtoto yule hakuwa mchafu wala mkaidi, wala hakuwa na roho ya giza. Alikuwa mlinzi. Kila usiku alikuwa anakesha ili mtu mwingine asife kwa sababu ya viatu vyake. Na sisi tulimpiga kwa sababu wageni walikuwa wanafika.

Asubuhi tuliwaita watoto wote wanne. Tulipiga magoti mbele yake, tukamwomba msamaha mbele ya wale waliomwona akipigwa. Tulimwambia maneno ambayo tunataka kila mtoto aliyekimbia ayasikie leo: Si wewe uliyemuua mama yako. Si viatu. Ni watu wenye bunduki, na watajibu mbele za Mungu.

MAHALI PAKE

Kisha tulitengeneza chumba upya, safari hii pamoja na watoto. Hatukununua kitu isipokuwa misumari na kipande cha ubao. Tulimuuliza yeye: «Wewe unataka viatu vikae wapi?» Akaonyesha karibu na mlango. Tulipigilia ubao pale, kwa urefu wa mkono wake. Kila jioni viatu vya watoto wote wanne vinapangwa kwenye ubao ule, kwa mstari, mahali pale pale, hata mtu akiwa gizani mkono wake unavikuta. Taa ndogo ya betri tuliitundika kwenye msumari juu yake. Kutoka kitandani hadi mlangoni hapawekwi kitu, hata ndoo. Na yeye ndiye tuliyempa kazi ya kukagua kila usiku.

Usiku wa kwanza alikagua mara nyingi. Baada ya majuma alianza kulala bila viatu. Baada ya miezi alitoa kikombe ndani ya mfuko, akakiweka jikoni pamoja na vikombe vya wengine. Mama Mchungaji alilia alipokiona. Kukojoa kulipungua polepole, kisha kukaisha. Mfuko wenyewe ungali chini ya kitanda chake, umefungwa, na kikwembe cha mama yake kiko ndani. Hatumuulizi.

Tangu siku ile tunaelewa kwamba kupanga chumba cha mtoto si juu ya wageni. Ni kumwambia mtoto: wewe una mahali hapa. Wakati Hana alipompeleka Samweli Shilo, kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Kanzu ndogo, ya kipimo chake, kila mwaka kipimo kipya. Mtoto Samweli alikuwa na mahali pake pa kulala katika nyumba ya Bwana, na asubuhi alikuwa na kazi yake, kufungua milango. Tena usiku ule Mungu alipomwita, alimwita pale alipolala. Wapendwa, Mungu anasema na watoto vyumbani mwao. Tumeandaa chumba ambamo mtoto anaweza kulala kwa amani hata asikie?

JUU YA MTOTO ANAYEKOJOA KITANDANI

Hapa tunataka kusema wazi, na watumishi wenzetu watusikie. Kukojoa kitandani si uchawi. Watoto wengi wadogo wanakojoa kwa sababu mwili haujakomaa. Wengine ni kwa hofu, kwa kupotewa, kwa kipigo. Wengine ni ugonjwa: mtoto akisikia maumivu wakati wa kukojoa, akinywa maji kupita kiasi, au akianza tena baada ya kuacha muda mrefu, mpelekeni kituo cha afya. Maombi na mganga havipigani.

Nyumbani, mtoto asinywe maji mengi karibu ya kulala, aende kukojoa kwanza, na matela ifunikwe plastiki chini ya shuka. Asubuhi shuka zifuliwe bila kelele, bila kumvalisha mtoto shuka hiyo na kumtembeza parseleni ili achekwe. Tumeona jambo hilo, na ni dhambi.

Na anayemwita mtoto mchawi ajue hivi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kipengele cha 41, inakataza kuwashitaki watoto uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inatoa adhabu ya kifungo kwa jambo hilo. Lakini hata sheria ingenyamaza, Bwana Yesu alisema juu ya jiwe la kusagia na shingo ya mtu anayemkosesha mdogo mmoja. Sisi tulikaribia jiwe lile. Tunawaonya kama watu waliookolewa.

TUFANYE NINI JUMA HILI

Paulo aliwaandikia Wakorintho wa kwanza, sura ya 14, kwamba mambo yote yatendeke kwa uzuri na kwa utaratibu. Tunajua alikuwa anasema juu ya ibada. Lakini mtoto aliyelelewa katika fujo siku sita atajifunza utaratibu wa ibada wapi? Basi tushike mambo haya.

Kwanza, Jumamosi hii toeni kila kitu nje ya chumba cha watoto. Kila kitu. Matela na mablanketi vipigwe na kuwekwa juani. Mbao za kitanda zimwagiwe maji ya moto katika nyufa, ndiko kunguni wanajificha. Chandarua kifuliwe pole pole kwa sabuni ya kawaida, lakini kikauke kivulini, maana jua linaharibu dawa yake.

Pili, kabla ya kurudisha, gaweni mafungu matatu: vinavyotumika, vinavyoweza kumfaa mtoto mwingine, na vya kutupa. Viatu vilivyokuwa vidogo kwa mtoto wako, kuna mtoto kanisani anakwenda miguu mitupu. Bwana Yesu baada ya kulisha watu 5,000 aliagiza vipande vikusanywe ili kisipotee kitu. Mwenye kuumba mkate alikusanya mabaki.

Tatu, makala, unga, petroli na dawa ya panya visirudi katika chumba cha watoto. Kama nyumba haina nafasi nyingine, afadhali makala yakae saloni. Mchungaji akija atayaona, hatakufa. Dawa ya panya iwekwe juu kabisa, wala isiwekwe kamwe ndani ya chupa ya limonadi.

Nne, kila mtoto apate mahali pake, hata kama ni kartoni moja na msumari mmoja wa mfuko wa masomo, kwa urefu wake. Msumari ambao mtoto haufikii ni msumari wa mama. Na kila mtoto maana yake kila mtoto: yatima, mtoto wa ndugu, msichana anayesaidia kazi. Kama katika nyumba yako kuna mtoto mmoja anayewatandikia wengine wote na yeye mwenyewe analala chini jikoni, anza na huyo.

Tano, asubuhi na jioni. Asubuhi: chandarua juu, blanketi likung'utwe, kitanda kitandikwe, dirisha lifunguliwe. Jioni: viatu kwa mstari, makaye ndani ya mfuko, njia ya mlango wazi, chandarua kishuke na kuingizwa chini ya matela, buji izimwe. Mtoto wa miaka 4 anaweza kupanga viatu. Wa miaka 7 anaweza kukunja nguo zake. Wa miaka 10 anaweza kutandika kitanda vizuri. Wavulana na wasichana sawasawa. Na baba aonekane akitandika cha kwake, maana Ainea alikuwa mwanaume.

Sita, musiwapige kwa ajili ya chumba. Kaeni nao, fanyeni pamoja nao, na mkiona mtoto mmoja anashindwa kila siku, muulizeni kwa sauti ya chini, gizani ikiwezekana. Pengine kuna kitu ndani ya mfuko wake ambacho hamjakijua.

Na jioni chumba kikiwa tayari, ingieni mle mkasali nao, mkono juu ya kila kichwa, kila mmoja kwa jina lake.

Tunamaliza. Usiku wa mwisho kabla ya msalaba, Bwana Yesu aliwaona wanafunzi wake wanafadhaika. Aliwafariji kwa kuwaambia juu ya nyumba ya Baba yake, kwamba ndani yake mna makao mengi, na kwamba yeye anakwenda kuwaandalia mahali. Wapendwa, sisi ambao wengi tumekimbia, ambao tumelala kwenye makanisa, kwenye masomo, chini ya hema, tunaelewa neno hilo kuliko watu wengine. Kuna mtu anatuandalia mahali. Hatafukuza, hatamwaga mfuko wetu chini mbele ya wengine. Kama wewe hujampokea Yesu, mahali pako pako, mwite leo.

Na kama umempokea, nenda ukamfanyie mtoto wako kidogo kile Bwana anachokufanyia.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, tunakushukuru kwa watoto uliotupa, waliozaliwa kwetu na waliofika kwetu usiku. Utusamehe pale tulipotunza saloni na kuwasahau wao. Utusamehe kila fimbo ya hasira. Ponya watoto wanaolala na viatu. Linda nyumba zetu na moto, na ugonjwa, na bunduki. Utupe mikono kama ya Ainea, mikono iliyoponywa na inayotandika. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.